Kukagua Kisicho na Kibali

Ukitaka kumjua mkaguzi hodari wa mazingira, usimtazame anapokagua kiwanda chenye kibali. Kiwanda kina faili: masharti yameandikwa, vipimo vya nyuma vipo, na meneja anamsubiri getini. Mtazame New Zealand, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa mkoani Waikato, anapokagua shughuli ambayo sheria imeiruhusu ifanyike bila kibali chochote.

Shughuli za namna hiyo zinatajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya mwaka 1991. Mabaraza ya mikoa, yaliyoundwa mwaka 1989 na kuchorewa mipaka kwa kufuata mabonde ya mito, huandika mpango unaomwambia mwananchi: maadamu huvuki masharti haya, fanya kazi yako, huna haja ya kuja kuomba. Mara nyingi mkulima hajazi fomu yoyote, na baraza huenda lisijue ameanza lini. Kwa hiyo mkaguzi anafika akiwa na kanuni moja iliyotungwa kwa ajili ya watu wote. Yaliyobaki anayasoma ardhini.

Chukua samadi ya maji inayooshwa kutoka banda la kukamulia. Huko Waikato inaruhusiwa kumwagwa kwenye malisho, ila nitrojeni isizidi kilo 150 kwa hekta kwa mwaka, kina cha maji yanayomwagwa kwa mara moja kisizidi milimita 25, yasituame juu ya ardhi wala kutiririka hadi mtoni. Sasa, udongo ukishayanywa maji, nani ataziona hizo milimita 25? Mzoefu haanzi na malisho. Anaanza na bwawa la samadi, aone limejaa kiasi gani na alama ya juu ya maji imefika wapi ukingoni, kwa sababu bwawa lililofurika wakati wa mvua humlazimisha mwenyewe kumwaga hata kama udongo umeshiba. Kisha anafuata bomba hadi kwenye mashine ya kunyunyizia, na kutoka hapo anateremka kuelekea mtaroni, maana kosa lolote litakuwa limeteremka pia. Njiani anatazama nyasi zilizostawi kupita nyingine, utando mkavu juu ya udongo, na doa la manjano mahali palipolala maji kwa siku kadhaa.

Ninachokipenda katika Sheria ile ya mwaka 1991 ni kwamba imeyaamini macho na pua. Kifungu cha 70 hakiliachii baraza kuruhusu bila kibali umwagaji ambao, baada ya kuchanganyika na maji ya mto kwa kiasi cha kuridhisha, utaleta povu au mafuta ya kuonekana, utabadili waziwazi rangi au uangavu wa maji, utatoa harufu ya kuchukiza, utayafanya yasifae kunyweshwa mifugo, au, kwa kawaida, utaleta madhara makubwa kwa viumbe wa majini. Lakini rangi ibadilike kutoka rangi ipi? Kwenye Pwani ya Magharibi ya Kisiwa cha Kusini, mito mingi inayotoka msituni ni kama chai ya rangi, na inayoshuka kutoka kwenye barafu ya milimani ina maji ya kijivu. Hakuna aliyeichafua. Mkaguzi asiyelijua hilo atamtoza mkulima faini kwa kosa la mlima.

Ndiyo maana sampuli moja haitoshi. Anachukua juu ya mahali uchafu unapoingilia, anachukua pale unapoingilia, na anachukua chini yake maji yakishachanganyika. Anasimama akiuelekea mkondo, mdomo wa chupa mbele, ili tope linalotibuliwa na miguu yake liende nyuma. Uangavu anaweza kuupima kwa bomba la plastiki lenye urefu wa mita moja, ambalo ndani yake mna kidude cheusi kinachovutwa kwa sumaku. Anachungulia kutoka upande mmoja, anakisogeza mbali mpaka kipotee machoni, kisha anasoma umbali. Ni kifaa rahisi kiasi kwamba mtoto wa shule angekitumia, na bado namba inayotoka inaweza kusimama mbele ya hakimu.

Pua ina taratibu zake, na hapo ndipo ufundi unaponishangaza zaidi. Harufu haiwekwi kwenye chupa ikabaki ile ile. Mwongozo unamtaka mkaguzi asimame mahali pamoja kwa dakika 10 na kuandika anachonusa kila baada ya sekunde 10. Hayo ni maandishi 60, kila moja likiwa na namba kutoka 0, yaani hakuna kitu, hadi 6, yaani kali kupindukia. Wako maofisa ambao pua zao zenyewe hupimwa maabara, isije ikawa mmoja hanusi na mwingine ananusa mno. Baada ya hapo anapima mara ngapi harufu hutokea, ukali wake, muda inaokaa, inavyochukiza, na mahali inapofika. Harufu ya samadi shambani haina mashaka. Ikivuka mpaka na kutua sebuleni kwa jirani kila jioni, ni habari nyingine.

Kwenye misitu ya kupandwa mkaguzi hutakiwa kuona hata kisichokuwepo. Kanuni za kitaifa zilizoanza Mei 2018 zilikataza mabaki ya uvunaji, yaani matawi na vipande vya magogo, kuachwa mahali ambapo maji yatafika katika mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 5 kutokea mwaka wowote. Mwezi uliofuata, mvua kubwa zilisomba magogo kutoka milimani hadi ufuko wa Tolaga Bay, na kila mtu akaelewa kinachozungumzwa. Lakini ukaguzi hufanyika siku ya jua, kijito kikiwa chembamba. Mkaguzi anatafuta takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti ya kandokando, mchanga mpya juu ya ukingo na nyasi zilizolalia upande mmoja. Kwa hayo anauchora mstari wa mafuriko akilini, kisha anauliza rundo lile la matawi limelala upande gani wa mstari.

Nani analipia ukaguzi huu? Mwenye kibali hulipia ukaguzi wake. Asiyehitaji kibali kwa miaka mingi kwa kawaida hakulipa, hivyo mzigo uliangukia kodi za wenye majengo na ardhi. Misitu ilikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo mabaraza yaliruhusiwa kutoza.

Kifungu cha 332 cha Sheria hiyo ya 1991 kinampa mkaguzi haki ya kuingia shambani wakati wowote unaofaa na kuchukua sampuli, isipokuwa ndani ya nyumba ya kuishi. Asipomkuta mwenyeji, ni lazima aache maandishi mahali panapoonekana: tarehe, saa na jina lake. Uungwana huo una sababu ya kisheria pia. Katika makosa mengi ya namna hii mwendesha mashtaka hana haja ya kuthibitisha kwamba mkulima alikusudia, kwa hiyo uzito wote unabaki kwenye nini kilitokea, wapi na lini, na daftari la mkaguzi ndilo litakaloulizwa.

Asipoona kosa, mkaguzi mzuri haandiki kwamba shamba linatii sheria. Anaandika kwamba, siku hiyo, saa hiyo, katika sehemu alizopita kwa miguu, hakuona sharti lililovunjwa. Anazitaja sehemu hizo moja baada ya nyingine, pamoja na zile ambazo hakufika.