Ukoma wa sokwe ulivyosomwa kwenye kinyesi

Bakteria wa ukoma ana ukaidi wake: haoti kwenye sahani ya maabara. Hansen wa Norwei alimwona mwaka 1873, na hadi leo anayetaka kumkuza mara nyingi humpandikiza kwenye nyayo za panya. Kwa hiyo watafiti walioripoti ukoma wa sokwe mwitu kwenye jarida la Nature mwaka 2021 walilazimika kusoma DNA yake ikiwa humo humo ndani ya sampuli. Na kwa msitu wa Cantanhez, Guinea-Bissau, sampuli yenyewe ni kinyesi.

Sokwe wa huko hawajazoeshwa watu, hivyo hakuna wa kumsogelea amtoe damu. Kamera zilizotegwa msituni zilinasa nyuso zenye vinundu, kisha watu wakaenda kuokota kinyesi. Humo DNA karibu yote ni ya sokwe mwenyewe, ya matunda aliyokula na ya vijidudu vya utumbo. Ya ukoma ni chembe. Ukiimwaga yote kwenye mashine ya kusoma DNA, utalipa pesa nyingi kusoma matunda.

Dawa ikawa chambo. Kipimo cha PCR kilitangulia kuchuja sampuli zenye dalili ya DNA ya ukoma. Kisha vikatiwa vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa kufuata jenomu ya ukoma, ile ya herufi kama milioni 3.27 iliyochapishwa mwaka 2001. Vipande hivyo hung'ang'ania DNA inayolingana navyo, sumaku huvivuta, mengine huoshwa. Kasoro ya chambo ni kwamba hunasa unachokijua tu. Kwa ukoma haisumbui sana, maana aina zake duniani zinatofautiana kidogo mno.

Kwenye msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, kazi ilikuwa nyingine. Dume Woodstock alipoonyesha dalili mwaka 2018, akiba ya zamani ilifunguliwa, na ukoma ukaonekana kwenye viungo vya Zora, jike aliyeuawa na chui mwaka 2009. Bila akiba hiyo, jenomu ya ukoma wa Zora isingepatikana.

Majibu: Cantanhez ni aina ya 4N/O, Taï ni 2F. Zote mbili ni adimu kwa binadamu. Hapa ndipo napima maneno. Jenomu hizi zinakataa kwa nguvu kwamba ugonjwa mmoja ulisambaa kati ya misitu hiyo miwili, na zinatia shaka kwamba mtu aliwaambukiza juzijuzi. Chanzo hazikitaji. Kukipata kunahitaji chambo hicho hicho kitumike kwa kupe, udongo na wanyama wadogo wa misitu hiyo.