Ua la Duka Halina Mishipa

Mwaka jana duka moja la mapazia hapa Eastleigh lilinipa kazi ya kupiga picha maua ya plastiki. Nilikuwa nimeacha chuo, kodi imefika, sikuuliza maswali. Nikatandika kitambaa cheusi, nikanyunyiza maji kwa chupa ya saluni, nikawasha taa ya simu moja na kupiga kwa nyingine. Picha zikatoka kali. Zilipowekwa mtandaoni, mtu akauliza mawaridi hayo hukaa siku ngapi kabla hayajanyauka.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Picha hiyo hiyo, kitambaa cheusi na matone, ndiyo naiona kila siku kwa kurasa za wapiga picha wa Nairobi, na wao hupiga maua halisi. Kama taa yangu inaweza kufanya ua la duka na waridi la Naivasha vifanane, basi hiyo taa haijasema kitu.

Huo ndio ukosoaji wangu wote. Wacha niufafanue.

Petali ni nyembamba. Mwanga ukitoka mbele unagonga ngozi yake na kurudi, unabaki na rangi tu. Ukitoka ubavuni unaonyesha mikunjo, na ukitoka nyuma unapenya: unaona mishipa, unaona petali inavyoongezeka unene kuelekea shinani. Ua la duka ukiliweka hivyo utaona nyuzi za kitambaa na gundi. Na yale matone? Mvua ya kweli huinamisha ua na kurusha matope kwa majani. Maji ya chupa hukaa tu juu kama shanga.

Si ati kitambaa cheusi ni dhambi. Mjerumani Karl Blossfeldt alipiga mimea juu ya mandhari tupu kabisa, na kitabu chake cha mwaka 1928, Urformen der Kunst, bado kinashtua. Lakini alikuwa mwalimu wa sanaa Berlin, alitaka wanafunzi waone umbo la shina na namna jani linavyojikunja. Alitoa kila kitu kingine kwa sababu alikuwa na la kuonyesha. Sisi tunatoa kila kitu halafu hatuonyeshi.

Ninayempenda zaidi ni Imogen Cunningham wa Marekani. Miaka ya 1920 alikuwa nyumbani California na watoto watatu wadogo, mapacha ndani yake, kwa hivyo akapiga kilichokuwa karibu: mimea ya bustanini. Magnolia Blossom ya 1925 imejaza fremu hadi petali zinakatwa na kingo. Katikati kuna kile kikonyo chenye sehemu za uzazi wa ua, kila kimoja kikionekana. Hakuna tone hata moja. Mwaka 1932 yeye, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walianzisha kundi la f/64, jina la tundu dogo sana la lenzi, lile linalofanya vitu vya mbele na vya nyuma vionekane vikali pamoja.

Linganisha na simu zetu. Ukisogea karibu, sehemu iliyo kali hupungua yenyewe, kwa hivyo lazima uchague: chavua au ukingo wa petali? Ukiiachia programu ikutilie ukungu, imekuchagulia, na mara nyingi inakata ukingo wa petali kama makasi butu.

Najua mtu atasema: basi toa kitambaa, onyesha mtaa. Nilijaribu. Nikapiga ua dogo la njano kando ya mtaro, maji meusi nyuma. Laiki zikamiminika. "Tumaini." "Uzuri ndani ya uchafu." Nikaona aibu. Nilikuwa nimegeuza mtaa wangu kuwa uchafu ili ua lipendeze. Hicho nacho ni kitambaa cheusi, tena kibaya zaidi, kwa sababu kuna watu wanaishi hapo.

Siku hizi naona mtaa unaweza kuingia kwenye picha kupitia mwanga wake. Hapa Section Three majengo yamepanda mpaka jua linafika chini kwa muda mfupi tu adhuhuri. Saa zingine tunaishi kwa mwanga wa mkopo: unagonga kioo cha jengo la ng'ambo, unarudi kwa ukuta wa rangi ya krimu, ndipo unatufikia, ukiwa umepoa, kutoka ubavuni. Studio hulipia mwanga kama huo.

Saa nne asubuhi moja nilikuwa nimejikunja kando ya bogenvilia ya jirani, nangoja upepo utulie, mwenye nyumba akatoka.

"Abaayo, mbona unapiga ukuta wangu?"

Nikamwonyesha. Ndani ya yale mapande matatu ya zambarau kulikuwa na vimirija vyeupe vidogo. Nikamwambia hivyo ndivyo maua yenyewe, hiyo zambarau ni majani tu yaliyobadilika rangi.

"Miaka yote hii mimi nasifia majani?"

Akaniambia nimtumie kwa WhatsApp. Jioni akajibu, na hakuandika neno tumaini. Aliandika: "Hili la kushoto limeliwa na nini?"

Nikaikuza picha. Kweli, kulikuwa na shimo la mdudu, na mwanga ulikuwa unapita katikati yake. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.