Lugha ya Teolojia: Lovanium na Jamaa ya Kolwezi

Mwaka 1960, katika Kitivo cha Teolojia cha Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo), Tharcisse Tshibangu, wakati huo mwanafunzi, alitetea teolojia yenye sura ya Kiafrika. Mkuu wa kitivo, Alfred Vanneste, alijibu kwamba Mwafrika hana budi kwanza kushiriki katika teolojia ya ulimwengu mzima. Mjadala huo hutajwa mara nyingi kuwa chanzo cha kuikomboa elimu ya teolojia katika Kongo. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijakamilika: waliobishana juu ya Uafrika wa teolojia walibishana kwa Kifaransa.

Katika miaka ileile, huko Kolwezi, wafanyakazi wa migodi na wake zao, wakiitana baba na mama, walikuwa wakifundishana imani kwa Kiswahili cha Katanga. Kundi lao la Jamaa, lililozaliwa katika miaka ya 1950 pamoja na padri Mfransisko Placide Tempels, lilijenga mafundisho yake juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Maneno hayo yana fikra yake. Uzima huunganisha uhai, afya na ukamilifu, ambavyo Kifaransa huvigawa katika maneno mbalimbali. Uzazi nao ulivuka mwili: mume na mke waliowaongoza wenzao katika imani walihesabiwa kuwa wamewazaa.

Itapingwa kwamba Tempels naye alikuwa mmisionari Mbelgiji. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa kwa Kifaransa Élisabethville mwaka 1945, kinawazungumzia Wabantu. Katika Jamaa, Wabantu wenyewe ndio wasemaji, nao waliendelea kusema baada ya padri huyo kurudi Ubelgiji mwaka 1962.

Kuongeza somo la teolojia ya Kiafrika katika ratiba, huku mtihani na tasnifu vikibaki vya Kifaransa, ni kumzoeza mwanafunzi kufikiri mbali na waumini atakaowahubiria kwa Kiswahili. Si lazima Kifaransa kitupwe. Inafaa mafundisho ya Jamaa yasomwe kama teolojia, wala si kama desturi za kuchunguzwa tu. Na anayejiandaa kwa upadri apimwe pia kwa kueleza neema na ukombozi kwa Kiswahili, mbele ya wale wanaokisema.