"Rangi ya Kuzuia Uchafu": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi za vyombo vya baharini zinazohitaji kutazamwa upya ni jina la ile rangi ipakwayo sehemu ya chombo izamayo majini, ili viumbe wa bahari wasijibandike. Mfasiri aongozwaye na kamusi peke yake huiita "rangi ya kuzuia uchafu". Twaona kwamba jina hili lina kasoro mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "uchafu". Uchafu huoshwa ukatoka. Chaza na mwani si uchafu. Ni viumbe hai, hushika, hukua, hukipunguzia chombo mwendo na kukiongezea gharama ya mafuta. Rangi hii huwazuia kwa sumu iyeyukayo majini kidogo kidogo, na sumu hiyo jina haliitaji kabisa. Hili si jambo dogo. Rangi zenye sumu ya bati zilidhuru konokono na chaza hata zikapigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008. Fundi aambiwaye kuwa anakwangua "rangi ya uchafu" hana sababu ya kufunika pua.

Kasoro ya pili ni kwamba jina moja limekusanya vitu visivyofaa kuwekwa pamoja. Rangi nyingi za aina hii hutumia oksidi ya shaba nyekundu. Juu ya mbao au faiba haina neno. Lakini shaba na alumini zikikutana katika maji ya chumvi, hutokea mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo iliwayo. Mwenye boti ya faiba aweza kusema kwamba hayo hayamhusu, naye amesahau kuwa mguu wa mashine yake, unaokaa majini, ni wa alumini. Kwa sehemu hizo hutumika rangi yenye thiosianati ya shaba, ambayo hatari yake ni ndogo zaidi, au isiyo na shaba kabisa. Na kabla yake hutangulizwa praima ya epoksi ya kutenga metali na rangi. Anunuaye kwa kufuata jina "rangi ya kuzuia uchafu" aweza kuchukua mkebe wowote.

Wala onyo la kwamba rangi fulani "huleta kutu kwenye alumini" halimsaidii. Kutu, kwa msemaji wa Kiswahili, ni ile nyekundu ya chuma. Mwenye boti ataitafuta asiione, atatulia, na huku metali yake inafanya vishimo vyenye unga mweupe. Neno lifaalo ni "ulikaji", na kitenzi chake, "kulika", kila fundi anacho.

Sasa tuseme jina lipi? Hatuoni haja ya kwenda mbali. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na "deheni", mchanganyiko wa shahamu na chokaa uliopakwa chini ya jahazi. Tunapendekeza "deheni ya sumu" liwe jina la jumla, kisha kila aina itajwe kwa sumu yake: deheni ya oksidi ya shaba, deheni ya thiosianati. Atakuwapo wa kusema kwamba deheni ya wazee haikutoka kiwandani. Kweli, na kalamu ya wazee ilikuwa utete, wala hatukulibadili jina ilipokuja ya wino wa ndani. Neno limefuata kazi.

Istilahi moja ya jamii hii twaipongeza: "anodi ya kafara", kile kipande cha zinki kifungwacho ili kilike badala ya mguu wa mashine. Kafara hutolewa ili balaa limpite mwingine, na ndivyo zinki ifanyavyo. Wako wanaokipaka nacho rangi, wakakifunga kinywa. Tena pana kisa kinachofaa kukumbukwa na mwenye kuandika fasili zake. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza aliilinda shaba iliyofunika merikebu kwa vipande vya metali nyingine. Shaba ikaacha kulika kama alivyotaka. Lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, haikutoa sumu, na viumbe wa bahari wakajibandika. Fasili ya "deheni ya sumu" itakayosema kwamba "huhifadhi chombo", bila kueleza kwamba yenyewe huyeyuka na kwisha, itakuwa imeacha nje nusu ya maana.