Bangi ya Kura, Bangi ya Kodi

Kampeni ya Wajackoyah ya 2022 ilinichekesha, then ikaniuma. Bangi iuzwe nje, deni la taifa lilipwe. Poa. Lakini kwenye kelele zote zilizonifikia mtaani sikumsikia mhusika ninayemjua: binamu yangu, aliyenaswa na msokoto mmoja, shangazi akauza friji kupata dhamana.

Nikaenda kumtafuta kwenye sheria ya Illinois ya 2019. Lugha yake kavu kama ukuni, ila huyo kijana yumo. Kesi ndogondogo za bangi zinafutwa kwenye rekodi, na gharama zikishatolewa, robo ya mapato ya kodi inaingia mfuko wa R3, wa mitaa iliyoumizwa na bunduki, jela na umaskini. R tatu hizo, kwa Kiswahili changu: rejesha, wekeza, huisha. Vitenzi vitamu, lakini mtendewa ni nani? Pesa zinapitia mashirika yanayojua kuandika maombi ya ruzuku, na shangazi hajawahi kuandika ombi lolote zaidi ya la bursary.

Mji wa Evanston, jimbo hilohilo, ulianza na kodi ya bangi kulipa fidia ya ubaguzi wa makazi: dola 25,000 za nyumba kwa kila mkazi mweusi aliyestahili. Ni kosa lingine, si la jela. Lakini hapo namwona mtu akipokea.