Kumlisha Anayeliwa

Nzige wa jangwani, yule yule aliyetanda Samburu na Isiolo, Kenya, mwanzoni mwa 2020 hadi ndege za kunyunyiza dawa zikarushwa, Uingereza ananunuliwa dukani. Anauzwa ndani ya kopo la plastiki lenye matundu, yeye na wenzake kadhaa, pamoja na kipande cha trei ya mayai na pumba kidogo chini. Kifuniko kimeandikwa ukubwa wake: mdogo, wa kati, mkubwa, mwenye mabawa. Kwetu nzige hachaguliwi. Anakuja, anakula, anaondoka na shamba. Huko Uingereza kuna watu wanaosimama mbele ya rafu wakiinua kopo moja moja kwenye mwanga, wakalirudisha, wakachukua la nyuma yake, wakaligeuza kuangalia kitako. Muuzaji akiwatazama kwa jicho la pembeni, hawana habari naye. Watu hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Wanamnunulia mjusi ndevu. Asili yake ni nchi kavu za ndani ya Australia, na wataalamu humwita Pogona vitticeps. Ni wa ukoo mmoja na wale mijusi wenye vichwa vyekundu wanaoota jua na kutikisa kichwa juu ya majabali ya Serengeti. Mkubwa hufika sentimita 50 na kitu pamoja na mkia. Akitishwa hutunisha ngozi ya koo yenye miba laini, ikaiva weusi, na hizo ndizo ndevu zenyewe. Australia ilifunga biashara ya kuuza nje wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa waliojaa majumbani Ulaya na Marekani ni wajukuu na vitukuu wa waliotoka zamani. Wamezaliwa ndani ya vioo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupindua jiwe akitafuta riziki. Kila kinachoingia kinywani mwake kimepita kwanza kwenye jicho na mkono wa mtu.

Huko porini menyu yake inajulikana. Utafiti uliochapishwa 2015 ulichunguza kilichomo matumboni mwa mijusi hawa Australia, na katika wadudu wote waliopatikana, mchwa ndio waliojaa. Sasa mchwa humkuti kwenye rafu ya duka la Leicester, Uingereza. Kuna nyenje, nzige, mende na mabuu ya namna namna, na kila mmoja ana upungufu wake. Mfugaji inambidi aunge chakula cha jangwani kwa vitu visivyotoka jangwani kwake.

Upungufu mkubwa kuliko wote ni kwamba mdudu hana mfupa. Gamba lake kwa kawaida halibebi kalsiamu ya maana, ilhali mwilini ana fosforasi tele. Nyenje mmoja ana fosforasi mara kadhaa ya kalsiamu aliyonayo, na mjusi anataka kinyume chake: kalsiamu iwe walau sawa na fosforasi, na ikifika mara mbili ni bora zaidi. Asipoipata kwenye chakula ataichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linalainika, miguu inapinda, vidole vinatetemeka. Ni matege, yale yale yanayowapata watoto, na dawa yake nayo inafanana: kalsiamu na mwanga. Mwanga wa dirishani hausaidii, maana kioo huzuia mionzi ya UVB ambayo ngozi huihitaji kutengeneza vitamini D3. Ndiyo maana kila mjusi wa nyumbani ana taa yake maalumu. Lakini taa hununuliwa mara moja ikabadilishwa ikichoka. Wadudu ni kazi ya kila wiki.

Binti ya dada yangu, aliyezaliwa huko huko Leicester, ana mjusi wa namna hii, na kwake ndiko nilikoiona kazi hii kwa karibu. Alifungua kopo la nzige kama mama wa soko la samaki la Feri anavyofunua matamvua ya samaki kabla ya kutaja bei. Kwanza alinusa. Kopo zuri lina harufu ya majani makavu. Likinuka uvundo, kuna maiti ndani na unyevu umezidi. Kisha akatazama miguu ya nyuma, maana nzige aliyekosa mguu ama amesongwa safarini ama ametafunwa na wenzake kwa njaa. Akachomoa trei. Chini yake tunutu mmoja, yaani nzige mchanga, alikuwa ananing'inia kichwa chini, nusu ya mwili nje ya ngozi yake ya zamani, mweupe, laini, akihema.

“Huyo ndiye mtamu,” nikamwambia, “mpe sasa hivi.”

“Mwache kwanza, mjomba. Ukimgusa sasa atavunjika. Akishatoka kabisa ndipo nampa, kabla gamba halijakauka.”

Alikuwa anajua anachosema. Mdudu aliyejivua punde ni mwororo, na tumbo la mjusi humvunja kwa urahisi. Akikauka, gamba linakuwa kazi. Wale tunutu wengine walikuwa na rangi ya njano yenye mabaka meusi, ile ya nzige wa makundi, kwa sababu wamekulia wakisongamana. Tunutu wa aina hiyo hiyo akikulia peke yake huwa kijani. Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi London, ndiye aliyeeleza mwaka 1921 kwamba nzige wa makundi na yule mpweke mtulivu ni mdudu mmoja mwenye sura mbili. Elimu iliyotafutwa ili nzige wakomeshwe, leo unaisoma kwenye kopo la duka la wanyama.

Wale wengine, baada ya kuwakagua, hakumpa mjusi hata mmoja, na hapo ndipo nilipoelewa ufundi wenyewe uko wapi. Aliwahamishia kwenye sanduku pana, akawatilia sukuma wiki, karoti iliyoparuzwa na pumba, akawaacha washibe siku nzima na usiku wake. Nzige anayetoka dukani mara nyingi hana kitu tumboni. Ameshinda njaa ghalani, ameshinda njaa barabarani, ukimtoa hivyo hivyo unampa mjusi gamba na miguu. Ukimlisha kwanza, mjusi anakula nzige pamoja na sukuma iliyomo ndani yake. Wenye pupa huiruka hatua hii, wakatafuta kuifidia kwa unga wa kalsiamu. Unga una nafasi yake, tena ni wa lazima: wadudu hutiwa kwenye mfuko pamoja na kijiko cha unga huo, mfuko ukatikiswa, wakatoka weupe. Ila unga hupukutika, na mdudu naye hujisafisha. Kilichomo tumboni hakipukutiki.

Chakula chenyewe hutolewa asubuhi taa ikishapata moto. Pale anapoota mjusi panatakiwa pafike nyuzi 40 hivi, na bila joto la kutosha tumbo lake haliwezi kusaga chakula vizuri.

Nyenje sina mapenzi nao, nasema wazi. Ni rahisi kwa bei na mijusi wachanga huwafukuza kwa furaha, lakini madume hulia usiku kucha, na aliyeponyoka akajificha hurudi gizani kumng'ata mjusi usingizini. Aliyebaki lazima atolewe kabla ya taa kuzimwa. Tena wana historia ya misiba: kirusi kimoja kiliteketeza mashamba ya nyenje wa nyumbani Ulaya, kisha karibu na 2010 kikaingia Marekani Kaskazini, na wafugaji wengi wakahamia nyenje mwenye mistari, anayestahimili kirusi hicho, ila anaruka kupita kiasi.

Mende ndiye mfalme, na hapa mama yangu wa Mombasa hakubali. Aliposikia kwenye simu kwamba mjukuu wake ananunua mende kwa pauni, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama pesa zimemzidi, basi azitume kwake amsaidie kuzitumia, na mende atampelekea bure. Lakini huyu si wa makabati yetu. Ni mende wa Amerika ya Kusini, Blaptica dubia, mpole, mnene, asiyeweza kupanda kioo wala plastiki laini. Halii, na harufu yake ni ndogo. Majike hawaachi mayai ukutani; huzaa watoto wanaotembea. Nyama yake ni nyingi kuliko gamba, na anakaa na chakula tumboni muda mrefu, sifa kubwa kwa anayeandaliwa kuliwa.

Mabuu yana daraja lake. Buu wa nondo wa nta, yule anayeharibu masega ya wafuga nyuki, ni mafuta karibu robo ya uzito wake. Mjusi akimzoea hugoma kula kingine. Buu wa mbawakawa wa unga ana gamba gumu. Anayestahili sifa ni buu wa inzi askari mweusi, huyu anayefugwa Kenya kwa mabaki ya sokoni ili alishe kuku na samaki. Ngozi yake imejaa kalsiamu, hivyo hahitaji unga. Ana ila yake: ni mdogo, na asipotafunwa vizuri hupita na mali yake yote.

Kipimo cha ukubwa hakihitaji rula. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Akizidi hapo anaweza kukwama, hasa kwa mjusi mchanga. Na wa bustanini haokotwi, hata awe mnono vipi, kwa sababu hujui alipita kwenye dawa gani. Wale nzige wetu wa 2020 wasingefaa kwa sababu hiyo hiyo. Kimulimuli ndiye hatari kupita wote. Vimulimuli wa Marekani Kaskazini hubeba sumu ya moyo, na mmoja tu ametosha kumuua mjusi ndevu aliyekomaa.

Mjusi akishakua, ustadi unageuka kuwa wa kunyima. Aliye mchanga hula wadudu kila siku, tena zaidi ya mara moja. Mtu mzima anatosheka na siku chache kwa wiki, na sahani yake ya kawaida inakuwa majani. Wengi hushindwa hapo, maana mjusi huja kwenye kioo, akainua kichwa, akamkazia mtu macho, na mtu akadhani ni njaa. Matokeo yake ni mijusi wanaoburuta matumbo. Huyu wa Leicester naye aligomea mboga. Binti akawa anatawanya mabuu mawili matatu ya inzi askari katikati ya majani ya dandelioni yaliyokatwakatwa. Mabuu yanajinyonganyonga, mjusi anayarukia, na kila anapodaka buu anaondoka na jani mdomoni.