Jadotville iliyotazamwa kutoka ndani ya handaki

Kila tunaposhuka Lubumbashi kutoka Kolwezi tunapita Likasi, mji ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji. Mwaka 2016 Ireland ilitoa filamu juu yake, *The Siege of Jadotville*, na Katanga yote inayoonekana humo ilitengenezwa Afrika Kusini. Hilo si kosa lake kubwa. Nguvu yake na upungufu wake vinatoka mahali pamoja: pale kamera iliposimama.

Kisa ni cha kweli. Septemba 1961, wanajeshi wapatao 155 wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Komandanti Pat Quinlan, walizingirwa siku tano na askari wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga, pamoja na mamluki. Walipoishiwa risasi na maji walijisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa, lakini kwao walipokelewa kwa aibu, na kwa miaka mingi hawakutajwa.

Mwongozaji Richie Smyth, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, aliamua tukae na Quinlan (Jamie Dornan) ndani ya ngome. Kabla ya vita kuchacha tumeshalijua eneo: barabara ile pale, majengo haya hapa, uwanda ulio wazi mbele. Ndiyo maana risasi zinapoanza kulia mtazamaji hapotei. Baada ya hapo hofu inajengwa kwa vitu vinavyopungua. Katika historia yenyewe, helikopta iliyofanikiwa kutua iliwaletea maji yaliyonuka petroli, kwa kuwa madumu yalikuwa ya mafuta. Na kikosi cha kuwaokoa kilikwama kwenye daraja la Lufira.

Kilichowaokoa hasa ni mahandaki. Yalikuwa yameshachimbwa waliposhambuliwa asubuhi ya tarehe 13, wengi wakiwa kwenye Misa. Mtu wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu wamechimba kobalti hata chini ya sakafu za nyumba zao, angependa kuiona kazi hiyo kwa kirefu: udongo mwekundu unavyogoma mwisho wa kiangazi, viganja vinavyochubuka. Filamu inaipita mbio.

Ireland iliipokea kwa moyo. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Galway, Julai 2016, na Oktoba ikaingia Netflix. Septemba ya mwaka huohuo serikali ilikitunukia kikosi hicho heshima rasmi, na Desemba 2017 wakapewa medali. Tusiipe filamu sifa yote: wazee wenyewe walikuwa wamedai haki yao miaka mingi, na kitabu cha Declan Power juu ya kisa hicho kilishatoka mwaka 2005. Manung'uniko nayo yalikuwepo, hasa juu ya Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Katanga, aliyechorwa kama mtu wa kiburi.

Hapa kwetu nung'uniko ni jingine. Ukimwondoa Tshombe, mkaazi wa Katanga anayepewa nafasi ya kuzungumza ni mama mzungu mwenye shamba. Askari wa Katanga wanakuja kwa mawimbi, wanaanguka, hawana majina. Walikuwa baba na babu za watu. Ndege ya Fouga iliyowashambulia Waayalandi inatokea angani kama imezaliwa na mawingu, ilhali iliruka kutoka uwanja wa Kolwezi. Nani aliijaza mafuta? Waliosimama kuitazama ikirudi walifikiri nini? Ukikaa ndani ya handaki la Quinlan huwezi kuyajua hayo.

Kamera inaweza kukaa upande wetu. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alipiga mwenyewe picha za *Makala*, akimfuata mchoma makaa anayesukuma baiskeli iliyosheheni magunia hadi Kolwezi, watu wakizungumza Kiswahili chao. Huko Cannes, katika Wiki ya Wahakiki, filamu hiyo ilipewa tuzo kuu. Fouga inangoja mwongozaji wa namna hiyo, na waliokuwa vijana mwaka 1961 sasa wamevuka miaka themanini.